Boksi la Fomu za Zamani

Pale idara ya dharura walikuwa wananiita Kamusi, na sikuwahi kulikataa jina hilo. Daktari alikuwa anasimama dirishani kwangu, glavu zina damu, anauliza, "Kamusi, mtoto ana kilo kumi na mbili, degedege haikati, nimpe kiasi gani?" Kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshamjibu, na sindano nimeshaanza kuivuta. Nilijua dawa ipi haipatani na dripu ya chumvi, ipi ukiisukuma haraka inasimamisha moyo, ipi ikivuja nje ya mshipa mwembamba wa mkono inaozesha vidole. Nilijua pia kila kitu kiko rafu gani. Na vyote hivyo, kwa miaka kumi na nne, vilikuwa kichwani mwangu tu.

"Karatasi zinaliwa na mchwa," nilikuwa nasema nikijigonga paji la uso. "Humu hakuna mchwa."

Watu walicheka. Nami nilipenda wacheke.

Tulikuwa wafamasia wawili kwenye idara ile, mimi mkuu na mwenzangu tuliyemwita Shangazi. Alikuwa amenizidi miaka mitano. Alifanya uuguzi miaka kumi na sita, kisha akiwa na arobaini na watoto watatu nyumbani akaenda kusomea famasia. Wanafunzi wenzake darasani ndio waliompa jina la Shangazi, na likamfuata hadi kazini. Alitembea na daftari lililofunikwa kwa nailoni, na kila siku alikuwa na swali. Hii inakaa muda gani nje ya friji? Ile ukiikosa unatumia nini badala yake? Nilikuwa namjibu nusu nusu, kama mtu anayewarushia kuku punje, ili kesho arudi tena kuuliza.

Alhamisi moja, siku moja kabla sijaanza likizo yangu, alinijia na karatasi kubwa aliyoichora mwenyewe kwa rula. Juu aliandika "Sumu", na chini yake kulikuwa na safu tatu: dawa gani, kiasi gani, iko wapi. Safu mbili za kwanza alikuwa amezijaza karibu zote. Ya tatu ilikuwa na mapengo mengi.

"Nisaidie hii ya mwisho tu," akasema. "Tuibandike ukutani kabla hujaondoka."

Kulikuwa na wauguzi wawili na daktari mmoja pale dirishani, wanasubiri dawa zao.

"Ya nini?" nikasema. "Likizo yenyewe siku kumi. Mkikwama mtanipigia."

"Na ukiugua?"

"Mtanipigia."

"Na ukifa, Kamusi?"

"Mtanililia."

Wote wakacheka isipokuwa yeye. "Mimi sitaki kulia," akasema, "nataka kujua vitu viko wapi."

Hapo ningeweza kuchukua kalamu. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini watu walikuwa wananitazama, na nilihisi kama kuna mtu anayetaka kunivua nguo. Nikamwambia, kwa sauti ya mzaha ambayo haikuwa mzaha, "Shangazi, mambo ya dharura si ya kuandika kama daftari la mapishi."

Daktari yule alicheka hadi akashika dirisha. Shangazi aliikunja karatasi yake mara mbili, kisha mara nne, akaitia mfuko wa koti.

"Sawa," akasema.

Sasa nieleze habari ya boksi, maana bila boksi hamtaelewa.

Kuna sumu moja tuliyokuwa tunaipata mara kwa mara, ile ya dawa za kuua wadudu mashambani. Ikimwingia mtu mwilini, hata kupitia ngozi tu, inamfanya atokwe na kila aina ya maji: mate, machozi, jasho, na mapafu yanajaa. Mgonjwa anazama huku yuko nchi kavu. Dawa yake ni atropini, na siri ya atropini ni kwamba unaitoa bila uoga. Unaanza na kidogo, baada ya dakika tano unaongeza mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka kifua kikauke. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza ampuli mia, vile vichupa vidogo vya kioo ambavyo siku ya kawaida mtu anatumia kimoja au viwili. Kwa hiyo idara yoyote yenye akili inaweka akiba.

Nami niliweka. Miezi minane kabla ya Alhamisi ile, pamoja na mzigo wa kawaida, zililetwa ampuli mia mbili za ziada. Wodi nyingine zilikuwa na tabia ya kuja kukopa kwetu kama jirani anayekopa chumvi, na chumvi ya jirani hairudi. Nikazitia ampuli zote mia mbili kwenye boksi la karatasi, nikaandika ubavuni kwa kalamu nene "Fomu za zamani", nikaliweka rafu ya juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angenyoosha mkono. Kwenye kompyuta nikaandika kwamba zimeshatumika. Kabatini nikaacha ampuli thelathini. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa najisikia mwerevu sana.

Jumamosi ile, siku ya pili ya likizo, mimi na mke wangu tulikuwa tunapaka rangi sebuleni. Viti tulikuwa tumevitoa nje, magazeti tumeyatandaza sakafuni. Saa tisa kasoro simu yangu iliita. Nilikuwa nimeiweka dirishani. Niliifuta mikono, nikaishika, nikaona jina la Shangazi.

"Nani?" mke wangu akauliza akiwa juu ya ngazi.

"Kazini."

"Si upokee?"

"Waache wanitafute kidogo," nikasema. "Watajua umuhimu wangu."

Ikakatika, ikaita tena. Nilibaki nimeishika, naiangalia inavyotetemeka kiganjani. Mara ya tatu niliibonyeza ikanyamaza, nikairudisha dirishani, nikachovya brashi yangu kwenye kopo. Nakumbuka nilikuwa natabasamu.

Yaliyotokea kule niliyajua baadaye, kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule.

Saa nane na nusu gari dogo la mizigo lilimleta mwanamume wa miaka thelathini na nne, mpulizaji dawa kwenye shamba la mboga. Bomba alilobeba mgongoni lilikuwa na ufa, na dawa ilikuwa imemchuruzika asubuhi nzima, shati limegandia ngozi, naye akaendelea na kazi akidhani ni jasho. Mkewe alikuja naye kwenye gari, akiwa amemshika kichwa.

Shangazi alikuwa peke yake dirishani, na alijua la kufanya. Aliwaambia wauguzi wavae glavu, wamvue nguo zote na kumwosha. Alitoa atropini ampuli mbili, kisha nne, kisha nane. Moyo wa mgonjwa ulipoanza kwenda mbio, daktari wa zamu aliingiwa na hofu akataka kuacha. Shangazi aliacha dirisha lake, akaingia chumbani, akamwambia, "Daktari, achana na moyo. Sikiliza kifua. Kama bado kinakoroma, tunaendelea." Daktari akasikiliza, kifua kilikuwa kinakoroma. Wakaendelea. Ampuli kumi na sita za mwisho zikaingia, na kifua kikaanza kupata nafuu. Kila aliyekuwepo aliniambia hivyo, kwamba kilianza kupata nafuu.

Kisha kabati likawa tupu.

Shangazi alifungua kila droo. Aliangalia kompyuta, ikamwambia hakuna. Alinipigia mara tatu. Akampigia mfamasia wa hospitali nyingine, ng'ambo ya mji, na dereva akatumwa. Katikati ya hapo walijaribu hiki na kile, wakamwekea mpira wa kupumulia, wakafyonza maji mapafuni, yanafyonzwa na mengine yanakuja. Dereva alirudi na ampuli arobaini baada ya karibu saa nzima. Mgonjwa alikuwa amefariki dakika kumi kabla yake. Boksi langu lilikuwa juu ya kichwa cha Shangazi muda wote ule. Ukisimama pale anaposimama yeye na ukapanda kistuli, unalifikia.

Jumatatu niliitwa nikatize likizo. Muuguzi wa mlangoni ndiye aliyeniambia, na aliniambia kwa upole, kama mtu anayenipa pole. Niliingia chumba changu cha dawa, nikafunga mlango, nikapanda kistuli, nikalishusha boksi. Nilikaa nalo sakafuni. Ampuli zilikuwa zimejipanga vizuri kwenye vitrei vyake, hakuna hata moja iliyopasuka.

Wakati ule nilikuwa bado na njia. Ningelibeba boksi lile hadi ofisi ya mkurugenzi, nikaliweka mezani. Badala yake nilizitoa ampuli zote, nikazipanga kabatini, na kwenye kompyuta nikaandika kwamba zimepokelewa leo. Boksi nililichanachana, nikalitupa kwenye pipa la nyuma.

Kamati ilikaa baada ya wiki mbili, watu watatu na meza ndefu. Walitaka kujua kwa nini dawa iliisha.

"Ulikuwa na akiba mahali popote?" mwenyekiti aliniuliza.

"Hapana."

"Ulipigiwa simu mara tatu."

"Simu ilikuwa mfukoni mwa koti," nikasema. "Koti lilikuwa chumbani. Tulikuwa tunapaka rangi."

Shangazi alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. Aligeuza uso akanitazama, si kwa hasira, kama mtu anayeangalia saa kujua bado muda gani. Kisha akageukia meza. Walipomuuliza mbona hakuagiza dawa mapema, alisema kiwango cha thelathini kilipangwa kabla yake. Walipomuuliza kama ana la kuongeza, alisema hana.

Alipewa barua ya onyo, ikaingia kwenye faili lake, akahamishiwa bohari kuhesabu pamba na glavu. Mwanamke aliyemwambia daktari asikilize kifua! Miezi mitatu baadaye aliacha kazi. Mimi nilibaki. Kuna hata aliyeniambia, "Unaona, Kamusi, ukiondoka siku mbili tu mambo yanaharibika." Nilimjibu kitu, sikumbuki nini.

Sikuwa nalala vizuri, lakini sitajipamba kwa hilo. Mtu anaweza kukosa usingizi na bado akanyamaza.

Kilichonifungua mdomo ni chakula cha mchana cha Jumapili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja na mkewe, tukala, mazungumzo yakafika kwenye kazi, nami nikaanza kuisimulia ile habari. Nilikuwa nimeisimulia mara nyingi kiasi kwamba ilikuwa laini mdomoni. Nilipofika kwenye simu na mfuko wa koti, mke wangu alisimama, akachukua sahani yake ambayo bado ilikuwa na chakula, akaenda jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya sinki, bomba limefunguliwa, haoshi kitu.

"Ulikuwa umeishika mkononi," akasema.

Nikaurudisha mlango, wageni wasisikie.

"Mara ya kwanza ulipodanganya nilidhani ni woga wa kazi, nikasema itapita. Mwaka unakaribia kuisha. Sasa unawasimulia ndugu zangu kama hadithi ya kuchekesha, na mimi niko mezani." Alifunga bomba. "Mume wangu, mimi nakupenda. Lakini nikikusikia tena unasema mfuko wa koti, nitakusahihisha mbele ya watu."

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwa Shangazi. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka dogo la dawa, kati ya kinyozi na mtu anayetengeneza viatu. Niliingia akiwa anamweleza mzee mmoja vidonge vyake, anamchorea jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye pakiti ya jioni. Alinisubirisha kama mteja yeyote. Mzee alipotoka akasema, "Karibu, Kamusi. Unaumwa?"

"Shikamoo, Shangazi." Sikuwahi kumwamkia hivyo maisha yangu yote; tulikuwa watu wa "mambo" na "poa".

"Marahaba," akajibu taratibu, akaniangalia vizuri. "Kaa."

Kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Nikakaa. Nikamwambia habari ya boksi, yote, kuanzia siku nilipoandika ubavuni. Alinisikiliza huku anapanga pakiti za dawa ya kikohozi.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Siku ile niliziokota ampuli zote tupu nikaziweka kwenye bakuli, nikijua watu watakuja kuuliza. Zilikuwa na namba ya toleo, ile ya kila mzigo. Jumanne nikafungua kabati nikakuta mia mbili, na kompyuta inasema zimeingia jana. Namba ileile. Mzigo wa miezi minane nyuma." Aliweka pakiti nyingine. "Mimi nilikuwa muuguzi, Kamusi. Nilikuwa naficha glavu ndani ya dari ili wodi jirani wasizimalize. Kila mtu anaficha. Lile boksi nilishakusamehe wiki ileile."

"Kwa nini hukusema kwenye kamati?"

"Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe. Nilikaa pale nikijiambia, sasa hivi atasema. Ukasema hapana. Na mimi nikachoka ghafla. Nilichoka tu."

Nilihisi mzigo unashuka mabegani, na hapo ndipo nilipojiona nilivyo. Maana nilitaka kuinuka. Nilishasamehewa, nimeshika kitasa cha mlango moyoni, naaga. Ukweli wa simu hakuujua. Angeweza asiujue kamwe.

"Kuna lingine," nikasema.

Nikamwambia kuhusu simu. Nilimwambia na yale maneno niliyomwambia mke wangu, neno kwa neno, na kwamba ile ya tatu niliinyamazisha kwa kidole changu.

Shangazi aliacha kupanga. Alishika ukingo wa meza ya kioo kwa mikono miwili. Aliingia mteja, mama mwenye mtoto mgongoni, akataka dawa ya homa, na Shangazi akamuuliza uzito wa mtoto, akampimia, akamweleza, akamrudishia chenji, yote bila kukosea. Mama akatoka.

"Mimi nilidhani ulikuwa mbali na simu," akasema hatimaye. "Nilikuwa nakutetea kwa hilo. Mume wangu akikusema, namwambia, la simu usimlaumu, simu si kosa lake." Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Nilikuwa nimesimama pale na yule mwanamke ananishika mkono, ananiuliza, dada, mbona mmeacha kumchoma sindano? Namwambia, subiri, namtafuta mwenzangu. Anajua. Nilimwambia hivyo, Kamusi. Nilimwambia kuna mtu anajua."



"Boksi nilikusamehe," akasema. "Hili sijui. Usiniulize leo. Nenda."

Nikaenda. Usiku ule ule nikaandika barua kwa mkurugenzi, kurasa mbili, na mke wangu akaisoma, akanirekebisha tarehe moja, akanirudishia.

Kamati ilikaa upya, wajumbe walewale, meza ileile. Safari hii walimwita na mjane. Nilisimamishwa kazi miezi sita na kuvuliwa ukuu wa kitengo, na ile barua ya onyo ikaondolewa kwenye faili la Shangazi, wakamwandikia kumwomba radhi na kumkaribisha arudi. Alijibu kwa mistari miwili kwamba anashukuru na kwamba hatarudi.

Mjane alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya kazi, ametoka moja kwa moja shambani. Yeye naye alikuwa ameanza kufanya kazi shamba lilelile, upande wa kupanga mboga kwenye makreti. Alisikiliza yote. Mwenyekiti alipomuuliza kama ana swali, alinigeukia mimi.

"Hizo dawa zilizokuwa kwenye boksi," akasema, "zingetosha?"

"Zingetosha," nikasema.

"Angepona?"

Wajumbe walikuwa wananiangalia. Nilipitia kichwani yote niliyoyajua: uzito wake, saa alizokaa na lile shati, kifua kilivyoanza kukauka. Nilitamani kumpa jibu, lolote, hata lile la kuniumiza zaidi.

"Sijui, mama," nikasema. "Wengi wanaofika wakiwa na hali ile, wakipata dawa ya kutosha, wanapona. Yeye alikuwa ameanza kupata nafuu. Lakini sijui."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei aliyokuwa anaitarajia. Akasema asante, akaomba ruhusa, maana gari la kurudi shambani lilikuwa linaondoka saa sita.

Nimerudi kazini sasa mwaka wa pili. Mkuu wa kitengo ni mwanamke mmoja mpole aliyetoka hospitali nyingine, na kila Ijumaa tunakaa nusu saa, wauguzi, madaktari na wafamasia, namimina nilichonacho kichwani. Wanaandika. Kuna mambo nagundua nilikuwa nayakosea miaka yote, na hakuna aliyewahi kujua kwa sababu hayakuwahi kuandikwa mahali mtu akayasoma na kusema, hapana, hii si sawa.

Kwa Shangazi huwa napita mara chache. Nanunua dawa ya meno au plasta, kitu kidogo. Ananipa, ananiuliza hali ya mke wangu, namwambia mzima. Ananiita kwa jina langu halisi siku hizi, lile la kwenye cheti. Sijui kama hiyo ni dalili nzuri au mbaya, na sijathubutu kumuuliza.